Nyanya Hakumpa Mama Talaka

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinichukua kwa gari lake kwenda Jamhuri kumjulia hali rafiki yangu wa zamani aliyevunjika nyonga. Wakati wa kurudi Ngong Road ilikuwa imefunga kabisa, magari yamepangana hayasogei, basi mjukuu akakata kona akapita nyuma ya uwanja wa maonyesho, upande ule wa Kibera wa kuteremkia relini. Nikamwambia asimame.

"Nyanya, hapa si mahali pa kusimama. Hawa watatupigia honi."

Nikamwambia awaache wapige. Nikashuka polepole na mkongojo wangu, nikasimama kando ya njia nikitazama mabati, nguo zilizoanikwa na waya za umeme zilizosukanasukana juu ya mapaa. Sikuona mti hata mmoja ninaoujua. Lakini miguu ilijua. Ardhi ya pale inainama kidogo kuelekea mtoni, na mwili wangu mzima uliinama nayo kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa msichana mdogo nimebeba debe la maji.

"Unatafuta nini?" mjukuu akaniuliza.

"Nyumba yetu."

"Si ulituambia mlikuwa mnakaa town?"

"Tulikaa town, na tulikaa hapa. Tulikuwa na nyumba mbili."

Akacheka, akidhani namwambia kwamba tulikuwa matajiri. Sikumsahihisha. Lakini wewe, rafiki yangu, kaa kidogo, chai bado ina moto, nikueleze utajiri wenyewe ulikuwa wa namna gani.

Mimi na ndugu yangu tulizaliwa katikati ya mji, katika vyumba viwili vya uani nyuma ya Mtaa wa Bazaar, ule ambao siku hizi ni Biashara Street. Wazazi wetu walikuwa wametoka Mombasa. Baba alikuwa karani katika duka la viungo la Muhindi mmoja, na kazi yake ilikuwa kupima iliki, karafuu, mdalasini na bizari, na kuwasimamia wapagazi wa magunia. Hata siku ya Ijumaa, ameoga na kuvaa kanzu iliyopigwa pasi, alinukia bizari. Usingizini niliweza kujua amerudi kabla sijafumbua macho.

Sauti za mtaa ule bado ninazo. Cherehani za mafundi waliokaa barazani mwa maduka zikivuma kutwa nzima. Vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa. Adhana, halafu honi ya treni upande wa stesheni, halafu mama akiimba jikoni. Nyanya, mzaa baba, alikuwa Mombasa, na kila mara alitutumia papa mkavu kwa treni. Siku ambayo papa huyo alichomwa, ua wote ulijua, na majirani walikuja na visingizio vyao, mmoja akitaka chumvi, mwingine akiulizia kiberiti. Mama aliwakatia wote kipande. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ya vipande, vile vibali vya Mwafrika kutembea mjini, na misako, askari wamejaa barabarani, watu wakubwa wakinong'ona, lakini ndani ya ua wetu nilikuwa naamini hakuna kinachoweza kuingia.

Kilichoingia hakikupita mlangoni. Mama alijifungua mtoto wa kike aliyeishi majuma machache tu, akafa kwa homa. Baba alikwenda na wanaume makaburini amebeba kile kifurushi cheupe mikononi, akarudi, akanawa, na kesho yake akaenda kazini. Tangu siku hiyo hakumtaja. Mama alitaka kumtaja. Alitaka kusema jina lake, kusema alivyokuwa akikunja ngumi akinyonya. Kila alipoanza, baba aliinuka akavaa kofia yake akaenda msikitini. Sasa nimekuwa mzee na nimezika watu wangu, nadhani kila mmoja alikuwa akilia kwa namna yake na hakumsikia mwenzake. Wakati ule niliona tu kwamba mama ameacha kuimba, na kwamba wali wake umekuwa na chumvi nyingi au umepungua chumvi kila siku.

Adhuhuri moja tulikuwa mkekani tunakula. Baba alisema mchuzi umeungua. Mama akaweka upawa chini.

"Hata jina lake hulitaji," akasema.

Baba akabaki na tonge mkononi. "Mtoto amekwenda kwa Mola wake. Unataka nilitaje ili iwe nini?"

"Ili nijue alikuwa wako pia."

Baba aliinuka. Punje za wali zikamdondoka mkekani. Akalisema lile neno, mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa. Mimi sikulielewa. Nililielewa nilipomwona mama akivuta ukaya wake kufunika uso mbele ya mume wake mwenyewe, kama mbele ya mgeni.

Katika miezi ya eda mama alibaki chumbani na baba akahamia kulala dukani juu ya magunia. Angeweza kumrejea wakati ule. Majirani walimwambia. Nadhani kila asubuhi aliamka akisema leo nitasema, na kila jioni kiburi kikamfunga. Eda ikaisha. Ndipo akatuma watu wazima kuja kumwomba mama waoane upya, na mama akawajibu kwa upole kutoka nyuma ya mlango, "Mwambieni sina chuki naye. Lakini nimenyamaza vya kutosha ndani ya nyumba hii."

Basi tukagawanywa. Hakuna aliyekwenda kumuuliza shehe. Watu wa uani walikaa barazani wakanywa kahawa wakaona kwamba mtoto wa kiume abaki na baba na wa kike aende na mama, na kila mtu akasema ni haki, kwa kuwa kila upande umepata mmoja. Nyanya akaitwa kutoka Mombasa kuja kumlea ndugu yangu. Alifika kwa treni ya asubuhi, mwanamke mfupi, mnene, tambuu mdomoni, kikapu cha ukindu kichwani. Alimbusu mama kwenye paji la uso, na mama akamkabidhi mtoto na vyungu vyake. Ndugu yangu alikuwa bado hajaota meno ya ukubwani. Mimi nilimzidi miaka michache, na tangu azaliwe nilikuwa nimelala naye mkeka mmoja, goti lake likiwa mgongoni mwangu.

Mama akapanga chumba Kibera. Usiifikirie Kibera unayoijua sasa. Ilikuwa shamba. Wanubi walikuwa na nyumba za udongo zilizoezekwa kwa madebe yaliyopigwa yakanyooka, kila nyumba na uwanja wake, mahindi, mapera, kuku. Mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kinubi, mjane, mrefu, anayesuka tabaga, vile vifuniko vya sinia vya rangi nyekundu na manjano. Asubuhi alipika gurusa, chapati zao nyembamba za maji, akizimwaga juu ya kikaango na kuzigeuza kwa vidole kama hasikii moto. Alinipa moja kila asubuhi kabla sijaenda shule.

Mama alipata kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ya Wazungu huko Muthangari. Alitoka kungali giza, akavuka Ngong Road, akapanda njia za mkato mpaka kwenye zile nyumba zilizojificha nyuma ya nyua za michongoma. Wakati wa likizo alinichukua. Nilikaa kwenye baraza la nyuma nikipepea makaa ya pasi, nikinusa wanga na kitambaa cha moto, nikisikia watoto wa nyumba ile wakicheza bustanini. Walikuwa wawili, kaka na dada. Waligombana kutwa nzima juu ya bembea. Nilikuwa nikiwatazama kwa wivu ambao siwezi kukueleza, si kwa sababu ya bembea.

Siku moja yule mama wa Kinubi aliona sisimizi wameingia chumbani kwetu wamepanga mstari. Akawafuata mpaka chini ya kitanda. Akavuta kopo, akalifungua, akakuta vipande vya gurusa vilivyokauka kama ngozi, vimejaa mpaka juu. Jioni akamwonyesha mama.

"Huyu mtoto wako mimi nampa chakula, yeye anaweka. Anamwekea nani?"

Mama alinitazama. Hakuhitaji kuniuliza. Nilikuwa nikikata nusu ya kila gurusa kwa ajili ya ndugu yangu, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba chakula huharibika.

Mambo ya mjini tuliyasikia baadaye. Ndugu yangu alikuwa ameanza kukojoa kitandani, na alikuwa amepunguza kusema. Kwanza alinong'ona, halafu akawa anaonyesha kwa kidole. Baba alimnunulia peremende, akamkalisha kaunta dukani, akamnusisha karafuu na iliki kama alivyokuwa akinifanyia mimi. Mtoto alinusa, akatikisa kichwa. Nyanya alimsomea, akamfusha udi. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba ule mgawanyo wa haki haukuwa haki.

Idd ilipofika, mama alinivalisha gauni jipya alilonishonea kwa mkono, akanipeleka mjini, akabaki nje ya lango la ua. Niliingia mbio. Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi amevaa kanzu mpya na kofia. Nilifungua mikono. Naye akainuka, akarudi nyuma ya kanga ya Nyanya, kisha akasukumwa kidogo mbele, akaushika mkono wangu na kuubusu.

"Shikamoo," akasema kwa mnong'ono.

Ndugu yangu. Aliyenivuta nywele, aliyenitapikia, aliyekuwa akinipiga mateke usingizini. Aliniamkia kama mgeni aliyekuja kula pilau. Nilipiga ukelele uliowatoa watu vyumbani. Nilikaa chini kwenye vumbi na gauni langu jipya na sikukubali kuinuliwa, si na baba, si na majirani, mpaka mama, ambaye alikuwa ameapa hatakanyaga tena ule ua, akaingia hadi katikati, buibui likiburuzika chini, akanibeba. Alimpita baba bila kumtazama. Lakini alipofika langoni aligeuka, na kila mtu alimsikia.

"Wiki hii tunakwenda kwa shehe. Wewe na mimi."

Shehe wetu alikuwa akiamua mambo ya ndoa katika chumba cha juu karibu na msikiti, chumba chenye mabenchi, mikeka na harufu ya vitabu vya zamani. Baba alikuja na Nyanya na ndugu yangu. Mama alikuja nami. Walikaa benchi mbili zinazotazamana. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kuwachukua watoto wote wawili, na kila mmoja alikuwa na hoja. Mama alisema mtoto amepoteza ulimi, hali chakula, hachezi. Baba alisema, na alikuwa akisema kweli, kwamba mama huondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, je, mtoto mdogo atashinda na nani, na kuku? Mama alisema afadhali kuku. Sauti zikapanda. Nyanya alikuwa akitafuna tambuu yake, macho sakafuni.

Shehe akainua kiganja. Akawaomba baba na mama watoke nje kidogo, wakae ngazini. Akaniita nikae karibu naye.

"Mwanangu, wewe umeshafika umri wa kupambanua mambo. Sheria yetu inakupa nafasi. Ukitaka kukaa na baba, sema. Ukitaka kukaa na mama, sema. Hapa hakuna wa kukukasirikia."

Nakumbuka mlio wa mikokoteni ukipanda kutoka barabarani. Nakumbuka nilimpenda sana baba yangu wakati ule, na nilimpenda sana mama, na nilijua kwamba nikitamka jina moja nitalisikia maisha yangu yote. Nikanyoosha kidole kwa ndugu yangu.

"Nimemchagua yeye."

Shehe akatabasamu. "Sikukuuliza habari za ndugu. Nimekuuliza baba au mama."

"Popote," nikasema. "Kwa baba sawa, kwa mama sawa. Lakini yeye awepo."

Shehe akaondoa miwani yake akaipangusa kwa ncha ya kilemba, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Halafu akawaita.

"Mtoto wenu amechagua," akawaambia. "Hakumchagua hata mmoja wenu. Amemchagua ndugu yake. Sasa niambieni, hawa ni nani aliyewagawa?"

Akawaeleza kwamba yule mdogo, kwa sheria, bado ni wa kulelewa na mama, na kwamba wangekuja kwake tangu mwanzo angewaambia hivyo. Baba alikubali kwa kichwa. Alikuwa mtu wa dini, hakuwa na la kupinga. Lakini akauliza tena, safari hii bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeogopa. "Na mchana, shehe? Mchana atakaa na nani?"

Ndipo Nyanya alipoinuka. Alikwenda dirishani, akatema tambuu yake, akarudi akasimama katikati ya benchi zile mbili.

"Atakaa na mimi," akasema. "Nitakwenda nao huko Kibera."

Baba alimtazama kana kwamba hakusikia. "Mama, uende ukakae kwa mke niliyemwacha?"

"Umemwacha wewe," Nyanya akasema. "Mimi sikumpa talaka."

Mama alikuwa amekaa wima kama alivyokaa tangu tulipoingia, na mara ile nikamwona mabega yanamshuka, akainama akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nyanya akamshika ndugu yangu mkono, wakaja benchi ya upande wetu wakaketi karibu na mama, naye akamvuta mama kichwa begani kwake. Baba alibaki peke yake upande ule mwingine. Alitutazama sote wanne, na uso wake, ambao tangu msiba ulikuwa umefungwa kama duka siku ya sikukuu, ukafunguka. Alilia mbele za watu. Shehe akaagiza kahawa.

Rafiki yangu, sijui niseme nini juu ya miaka iliyofuata ila kwamba ilikuwa na kelele. Nyanya alikuja na vyungu vyake, mbuzi yake ya kukunia nazi na kikapu chake, na ndani ya juma la kwanza alikuwa ameshagombana na mama mwenye nyumba kama gurusa ni chapati au si chapati.

"Hiki ni kitambaa," Nyanya alisema, akiinua gurusa kwenye mwanga. "Naona mpaka upande wa pili."

"Kwenu mnakula mawe, ndiyo sababu hamwezi kujua chakula," mwenye nyumba alimjibu.

Ndugu yangu alikuwa amekaa kati yao. Akaanza kucheka. Kicheko kilimtoka kwa shida kwanza, kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi, halafu kikamwagika. Wale wazee wawili walitazamana, na tangu hapo waligombana kila asubuhi makusudi, hata siku ambazo hawakuwa na la kugombania. Kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa ndugu yangu alikuwa akisema zaidi ya sote. Usiku goti lake lilirudi mgongoni mwangu.

Baba alikuja siku za mapumziko kwa baiskeli, akipita vizuizi vya askari Ngong Road, mfukoni ana bizari iliyofungwa kwenye gazeti. Mwanzoni hakuvuka uzio. Alisimama nje, sisi tukatoka, akatupandisha, mmoja kwenye mtaimbo na mwingine nyuma, tukazunguka uwanja wa maonyesho tukipiga kengele. Yeye na mama walikuwa hawajui waanze vipi, basi walizungumza kupitia kwa Nyanya, ingawa walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka kwa kila mmoja.

"Mama, mwambie mwanao mtoto anahitaji viatu vya shule."

"Mama, mwambie viatu nimeviona dukani."

Nyanya alivumilia kwa muda, kisha siku moja akaweka chini mchele aliokuwa akipepeta. "Mimi si posta," akasema, akaingia ndani akafunga mlango. Walibaki pale. Sisi tulikuwa tumejificha kwenye mahindi tunachungulia. Baba alikuwa akizungusha kengele ya baiskeli kwa kidole bila kuipiga. Halafu, bila kuulizwa, akalitaja jina la mtoto aliyekufa. Akasema kila akifunga iliki kwenye karatasi anakiona kile kifurushi cheupe. Mama akavuta kigoda akampa akae, mwenyewe akakaa kizingitini, wakaongea mpaka jua likapoa. Hatukusikia yote. Tuliwaona tu wakilia na kucheka kidogo, kama watu wanaosimuliana habari za mtu waliyemfahamu wote wawili.

Najua unachotaka niseme sasa. Hawakurudiana. Mama aliniambia nilipokuwa mkubwa kwamba siku ile walimaliza kuzika mtoto wao, na kwamba waliona wanaweza kuwa watu wema wakiwa mbali kuliko walivyokuwa karibu. Baba alioa tena, mwanamke mtulivu kutoka Lamu, mwenye kicheko cha puani. Nyanya alikwenda mjini kumwozesha mwanawe, akapokea wageni, akapiga vigelegele, akala biriani, na jioni ile ile akarudi Kibera kulala. Mama alipeleka tabaga aliyoisuka kwa mkono wake, kwa maana alikuwa amejifunza kwa mwenye nyumba. Mama yetu wa kambo aliifunikia sinia kila tulipokwenda kula kwao, mpaka rangi zikapauka.

Halafu ikaja ile Maulidi. Chuo chetu cha Kurani cha mjini kilimchagua ndugu yangu aanze kasida peke yake mbele ya watu wote. Kile kitoto kilichokuwa kikionyesha vitu kwa kidole! Watu walijaa uani kuanzia Alasiri, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimebanwa kati ya mama na mama wa kambo, Nyanya yuko mbele yetu amelibana pazia kwa vidole apate tundu la kuchungulia. Tukasikia jina lake likiitwa. Tukasikia kimya. Kimya kikaendelea. Kupitia tundu la Nyanya nilimwona amesimama jukwaani, kofia imemwangukia masikioni, mdomo wazi, akitafuta nyuso zetu mahali ambapo hangeweza kuziona. Mkono wa mama ulikuwa baridi mkononi mwangu. Nikajua anafikiri ule ububu wa zamani umemrudia.

"Haya, mwanangu!" Nyanya akapaza sauti. "Tupo hapa sote! Imba!"

Akaachia kigelegele kilichotikisa pazia. Mama akamfuata, mama wa kambo akamfuata, halafu wanawake wote. Wanaume waligeuka nyuma kwa mshangao, wengine wakikunja uso, wengi wakicheka. Na katikati ya kicheko kile sauti ya ndugu yangu ikapanda, nyembamba, safi, haina mtetemo, ikapanda juu ya ua na juu ya cherehani na mikokoteni ya mtaa wa pili, na akaimba beti zote bila kukosea. Walipoitikia, mabati yalilia.

Alipomaliza, watu walimzunguka baba kumpa mikono. Baba akakataa. Alisimama kwenye benchi, mtu ambaye hakuwahi kusema mbele za watu, akangoja wanyamaze.

"Ndugu zangu, msinipe hongera mimi. Mtoto huyu amelelewa na mama yake, na mama yake yuko nyuma ya pazia hili. Mimi nilivunja nyumba. Yeye hakukubali watoto wavunjike. Hongera ni zake."

Sijawahi kumwona mama yangu mrefu kama alivyokuwa dakika ile. Hakulia. Alinyoosha buibui lake, akainua kidevu, na wanawake waliowahi kumnong'ona uani wakapanga mstari kumshika mkono, na mama wa kambo alikuwa wa kwanza.

Wakubwa wote wamekwenda sasa. Mtaa wa Bazaar umebadilishwa jina, na duka la viungo siku hizi linauza simu. Muthangari wamekata nyua za michongoma wakajenga kuta na magorofa. Hakuna shamba la mahindi Kibera, na gurusa nzuri siipati. Nyanya alizikwa hapa hapa Nairobi, jamaa wa Mombasa walikasirika, na aliyemwosha alikuwa mama. Baba na mama walimfuata kwa miaka yao, kila mmoja amesamehewa.

Ndugu yangu yuko hai, amezeeka, yuko Mombasa, na sauti bado anayo. Hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Katika maisha yetu yote hatujawahi kubishana nani alikosa, baba au mama. Tunalobishania ni moja tu, nani kati yetu Nyanya alimpenda zaidi. Yeye ana ushahidi wake, mimi nina wangu, na hakuna hata mmoja aliye tayari kushindwa.